SOMO: Modeli ya seli ya sola, na kosa la joto linaloangusha wengi

Wakuu habari, wengi wanakopi mlinganyo wa seli ya sola (nauandika hapa chini) wanaupachika kwenye programu, grafu inatoka safi kwa nyuzi 25 wanafurahi, wakipandisha joto tu kila kitu kinaharibika.

Kwanza, ichukulie seli kama chanzo cha mkondo kilichofungwa sambamba na daiodi. Mwanga unazalisha mkondo Iph, daiodi inakula sehemu yake, Rsh (ukinzani wa sambamba) inavujisha kidogo, na Rs (ukinzani wa mfululizo) imekaa kwenye njia ya kutokea. I na V ni mkondo na volteji inayotoka:

I = Iph − I0[exp((V + I·Rs)/a) − 1] − (V + I·Rs)/Rsh

I0 ni mkondo mdogo wa kuvuja wa daiodi yenyewe, na a = Ns·n·k·T/q. Ns ni idadi ya seli zilizofungwa mfululizo, n ni kipimo cha ubora wa daiodi, k ni kiwango thabiti cha Boltzmann, q ni chaji ya elektroni, T ni Kelvini sio selsiasi (nilishapoteza jioni nzima kwa hilo tu).

Pili, soma lebo nyuma ya paneli. Tuseme seli 36, Voc (volteji bila mzigo) 21.6 V, Isc (mkondo ncha zikiunganishwa moja kwa moja) 5 A. Ukichukua n = 1.2, a inakuja 1.11 V. Iph iweke sawa na Isc, Rsh isahau kwanza, basi I0 = 5/exp(21.6/1.11), kama 1.8×10⁻⁸ A. Ndogo hivyo hivyo, usishtuke.

Tatu, I iko pande zote mbili, kwa hiyo tumia Newton-Raphson (unakisia jibu, unalisahihisha tena na tena mpaka litulie), anzia Isc.

Nne ndo penyewe. Ukibadilisha T ndani ya a peke yake, modeli itakwambia kwa nyuzi 60 Voc imepanda mpaka 24.1 V, uongo mtupu, silikoni ikichemka volteji inashuka kama milivolti 2 kwa kila seli kwa kila nyuzi, yaani utegemee 19 V hivi. Kinachoishusha ni I0, nayo inakua kwa T³·exp(−Eg/(n·k·T)), Eg (pengo la nishati) ya silikoni ni 1.12 eV.

MASWALI

— Mkuu Rs na Rsh nazitoa wapi, lebo haina?
Rs inalaza grafu upande wa Voc, Rsh upande wa Isc. Mi naanza na 0.2 na 200 Ω, nachezea mpaka kilele cha nguvu kikae kwenye Vmp na Imp (volteji na mkondo wa nguvu ya juu kabisa) za lebo.

— Kivuli kikiangukia seli moja?
Hapo Ns haikusaidii, seli hazifanani tena. Kila moja iandikie mlinganyo wake, mkondo mmoja, volteji ujumlishe, na daiodi za baipasi (zinazoupitisha mkondo pembeni ya seli zenye kivuli) usiziache.

— Mbona kwa nyuzi 60 nimepata 18.0 sio 19?
Umesahau n chini ya Eg, angalia tena.

— Duh kweli, 18.99. Asante mkuu.