Hati ya shamba ya zamani: itunze, isome, kisha ifuatilie

Ukikuta kashani hati ya kale ya shamba, nyumba au wakfu, usiikunjue papo hapo. Karatasi iliyokauka hukatika kwenye mikunjo. Ipige picha ilivyo, iache mezani siku moja au mbili ilegee kwa hewa ya Tanga, ndipo uifunue polepole juu ya karatasi nyeupe, kwa mikono iliyonawa na kukauka. Piga picha pande zote mbili, rula kando, kwa mwanga wa dirishani bila taa ya kamera. Mgongoni huenda kuna muhuri au maandishi ya mauzo ya baadaye.

Tafadhali, usibandike selotepu: gundi yake hugeuka kahawia na kupenya. Wala usiipeleke stesheneri ikapigwe laminesheni. Plastiki ile ya moto haibanduki, na mtaalamu hataweza tena kuchunguza wino. Bahasha safi ya karatasi ndani ya boksi yatosha, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa. Mfuko wa nailoni hunasa unyevu na kuleta ukungu.

Sasa isome. Anza na tarehe, kwani hapo ndipo wengi hupotea. Hati hizi za herufi za Kiarabu hutumia pia tarakimu za Kiarabu: humo kiduara ni tano na nukta ni sifuri. Asiyejua husoma 1315 kama 1310. Kupata mwaka wa Miladi kwa makadirio, zidisha wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622: 1318 inakupa 1900. Usiku hutangulia mchana, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni Alhamisi jioni.

Linganisha tarehe na fedha. Rupia ilikuwa pesa 64 hadi Wajerumani walipoleta sarafu iitwayo hela (Heller), 100 kwa rupia, mwaka 1904. Hati ya 1315 (1897/98) inayotaja hela ina walakini; pengine ni nakala ya baadaye.

Mipaka hutaka utulivu. Kibla kwa Tanga ni kaskazini, suheli ni kusini. Kiswahili cha herufi za Kiarabu mara nyingi kiliacha "m" mbele ya "b", kwa hiyo "shaba" yaweza kuwa shamba. Kisha tazama kilichouzwa hasa: ardhi, au minazi tu? Desturi ya pwani huruhusu miti iwe ya mmoja na ardhi ya mwingine, na kesi nyingi za urithi huharibikia hapo. Mpe mwalimu wa madrasa aliyezoea maandishi ya mkono akusomee, nawe uandike neno kwa neno, ukiacha nafasi pasiposomeka. Usikisie.

Amri ya Wajerumani ya tarehe 26 Novemba 1895 iliifanya ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe kuwa ya serikali, na madai yakachunguzwa na kamati za ardhi. Ndiyo maana inafaa kwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ambako majalada ya Kijerumani huanza na herufi G. Nenda na mwaka, eneo na jina la mmiliki, ukitafuta pia kwa tahajia ya Kijerumani: Schamba, Djuma. Nakili namba kamili ya jalada na ya ukurasa. Bila hizo, mtakaporudi kuomba nakala iliyothibitishwa mtaanza upya.