Jinsi programu ya ankara inavyopata kiwango cha saa cha mfanyakazi

Programu ya ankara za miradi haikisii bei. Mstari wa taimshiti (karatasi ya saa alizofanya mfanyakazi) ukiingia, programu hutafuta kiwango cha saa ngazi kwa ngazi, na namba ya kwanza inayoikuta ndiyo inayotumika. Ukijua mpangilio wa hizo ngazi, utajua pia pa kurekebisha ankara inapotoka na bei usiyoitarajia.

Anza na gharama, maana kila mfanyakazi ana viwango viwili: anachoigharimu kampuni kwa saa, na anacholipishwa mteja kwa saa hiyo hiyo. Chukua karakana ya uhandisi iliyoko Shimanzi, Mombasa, nchini Kenya, yenye kazi za kukarabati mitambo bandarini Kilindini. Fundi umeme wake analipwa mshahara wa shilingi 90,000 kwa mwezi. Ongeza ushuru wa nyumba wa mwajiri, asilimia 1.5, yaani 1,350, na 50 za NITA, tozo ya mafunzo ya ufundi. Tuseme mchango wa mwajiri wa NSSF (mfuko wa pensheni) pamoja na bima ni 8,600. Jumla inakuwa 100,000 kwa mwezi, 1,200,000 kwa mwaka. SHIF, yaani mchango wa bima ya afya ya jamii, usiiongeze: hiyo hukatwa kwenye mshahara wake, na ukiihesabu tena hapa unailipia mara mbili kwenye hesabu.

Sasa gawanya kwa saa. Wiki 52 za saa 45 ni saa 2,340. Toa siku 21 za likizo, sikukuu 12 na siku 7 za ugonjwa, kila moja saa 9, zinabaki 1,980. Kisha jiulize ni ngapi kati ya hizo zinazofika kwenye ankara, kwa sababu kusubiri pasi ya kuingia bandarini na kufuata vipuri madukani hakuna mteja anayekulipia. Ikiwa ni asilimia 75, zinabaki 1,485, na gharama halisi ni kama 808 kwa saa. Anayegawanya kwa 2,340 anapata 513, kisha anashangaa faida imekwenda wapi. Kiwango cha mteja hupatikana kwa kuzidisha hiyo 808. Ukizidisha kwa 2.5 unapata 2,020.

Tukija kwenye utafutaji, mpangilio wa kawaida ni huu: kiwango cha mtu huyo kwa kazi hiyo ndani ya mradi huo, kikikosekana, kiwango cha mtu huyo kwa mradi mzima, kisha kiwango cha cheo chake kwenye mradi, kisha cha aina ya kazi, mwisho kile kilichoandikwa kwenye faili lake la mfanyakazi. Programu zinatofautiana katika ngazi za kati, kwa hiyo soma mpangilio wa yako kabla ya kujaza chochote. Tuseme faili la fundi wetu lina 2,020, cheo cha fundi umeme kwenye mradi kina 2,200, na kazi ya kujaribu mtambo ina 2,600 kwa jina lake. Akivuta nyaya mteja analipa 2,200. Akijaribu mtambo analipa 2,600. Ile 2,020 haiguswi kabisa, na ukiipandisha hakuna kitakachobadilika kwenye mradi huo.

Hapa ndipo wengi wanapoumia: sanduku tupu na sifuri si kitu kimoja. Tupu humaanisha "endelea kutafuta". Sifuri ni kiwango halali, yaani kazi ya bure, na programu husimama hapo hapo. Ukiingiza viwango kutoka lahajedwali, hakikisha seli tupu hazikugeuzwa kuwa 0 njiani.

Tarehe nazo zina lao. Kiwango kipya hupewa tarehe ya kuanza, na programu nzuri hulinganisha tarehe hiyo na siku kazi ilipofanyika, wala haijali siku taimshiti ilipojazwa. Usiandike kiwango kipya juu ya cha zamani; ongeza mstari mpya. Saa zilizokwisha kuidhinishwa mara nyingi hubaki na bei ya awali mpaka uamuru programu ikokotoe upya.

Ovataimu inahitaji uangalifu zaidi. Agizo la jumla la mishahara linataka mara 1.5 kwa saa za ziada siku za kazi, na mara 2 siku ya mapumziko au sikukuu. Hilo ni deni lako kwa fundi. Mteja atalipa nyongeza ikiwa tu mkataba unasema hivyo, kwa hiyo kizidisho cha gharama na kizidisho cha ankara vijazwe kila kimoja mahali pake. Idd husubiri mwezi uandame, hivyo kalenda iliyojazwa Januari inaweza kukosea siku. Irekebishe sikukuu ikishatangazwa rasmi, kabla taimshiti hazijaidhinishwa.

Zamu ya usiku igawe saa sita usiku. Fundi aliyeingia Jumamosi saa 2 usiku na kutoka saa 11 alfajiri ana saa 4 za Jumamosi na 5 za Jumapili. Usipozigawa, programu nyingi huziweka zote 9 siku ya kuingia. Karani pia aandike 20:00 na 05:00, maana "saa 2" ya kwenye karatasi ikiingizwa kama 02:00 zamu yote inaharibika.

Kwa mawakala wa meli wanaolipa kwa dola, tengeneza jedwali lao la viwango. Ziko programu zinazochukua namba bila kubadilisha sarafu, na 2,200 ikawa dola.

Kabla ya ankara ya kwanza, fungua mradi wa majaribio na ujaze saa moja moja: siku ya kawaida, ovataimu, Jumapili, sikukuu, na mfanyakazi asiye na kiwango chochote. Huyo wa mwisho akitoka na sifuri bila onyo, washa kizuizi cha mistari isiyo na bei. Fanya hivyo mapema, kwa sababu ankara ikishapita eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi (KRA), haihaririwi. Utalazimika kutoa kredit noti, yaani hati ya kuifuta ankara hiyo, na kuandika nyingine.