Mtoto anayeogopa hesabu, mwanzie hapa

Ninafundisha hesabu za sekondari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na jioni napokea wanafunzi nyumbani Kadutu. Mwenye woga usimwite ubaoni kwanza. Woga unakula nafasi ya akilini anayohitaji kushikilia namba, ndiyo maana anasahau hata alichokijua jana.

Swali likiwa kwa Kifaransa, alieleze kwa Kiswahili kabla ya kushika kalamu. Mara nyingi kinachomkwamisha ni sentensi, si hesabu. Kwa 3x + 2000 = 11000 mimi husema: mama amenunua mafungu matatu ya sambaza (samaki wadogo), akalipa pikipiki faranga 2000, jumla 11000. Fungu ni bei gani? Anatoa 2000, anagawa kwa 3, anapata 3000. Kisha aandike hayohayo kwa x, kila hatua mstari wake. Akikosea, usifute. Muulize, “Mwanangu, hapa ulifikiri nini?” halafu nyamaza, umsubiri kweli.

Kabla ya mtihani, aandike woga wake kwenye karatasi kwa dakika 10. Utafiti wa Ramirez na Beilock, Marekani, 2011, ulionyesha kwamba inasaidia. Na wazazi, nawaomba sana: msiseme mbele ya mtoto kwamba ukoo wenu hauna kichwa cha hesabu.