Namna ya Kuandika Riwaya ya Kusisimua Kuhusu Mpenzi Aliyepotea na Kuibuka

Riwaya ya aina hii huharibika pale mwandishi anapotunga hadithi mbili, moja ya mapenzi yaendayo polepole na nyingine ya watu wanaokimbizana, kisha akazishona pamoja kwa nguvu. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, hakikisha kwamba jambo lililompoteza mpenzi ndilo hilo hilo linalomtia hatarini anapoibuka.

Chukua mfano wa Kenya. Sheria ya Ushahidi ya nchi hiyo huruhusu mtu kuchukuliwa kuwa amekufa ikiwa wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake hawakuzisikia kwa miaka 7, ingawa dhana hiyo hutenguka ukiletwa ushahidi kwamba yu hai. Tuseme Rehema alitoweka Kilifi, miaka 7 ikatimia, nduguye akarithi shamba lake la ufukweni na kuliuza. Sasa unaye mtu ambaye Rehema akirudi, yeye huanguka. Mchumba wa zamani, mwalimu aliyekwisha kuoa, anamtafuta kwa moyo. Ndugu anamtafuta kwa sababu ya hatimiliki. Wote wawili wanafuata njia moja.

Mlango wa kuingilia uwe mdogo. Ndoto na picha zilizofifia zimechosha, nami huzifuta bila huruma. Afadhali simu ya mwalimu itetemeke akiwa anasahihisha madaftari: amepokea shilingi 50 kwa M-Pesa, na ujumbe, kama kawaida, unataja jina la mtumaji. Uzuri wa chambo hiki ni kwamba jina hilo ni la aliyesajili laini, wala si lazima liwe la aliyeshika simu; swali hilo moja laweza kumvuta msomaji kwa kurasa nyingi bila wewe kuongeza hata bastola.

Kisha mbane mwalimu kwa muda. Mpandishe treni ya SGR ya asubuhi kutoka Nairobi hadi Mombasa, ile isimamayo Emali, Mtito Andei, Voi na Mariakani, maana humo abiria hashuki atakapo, na katika kila kituo huenda adui akapanda. Sura iishe treni inapopunguza mwendo, kabla milango haijafunguliwa.

Kinachopunguza kasi zaidi ni kumbukumbu, lakini ukizikata zote hutabakiwa na mapenzi. Dawa yake ni kuifanya kila kumbukumbu imsukume mhusika kutenda jambo pale pale. Sentensi kama "Alikumbuka walivyopendana Kilifi" haimpeleki popote. Linganisha na hii:

"Tiketi iliyoachwa kitini ilikuwa imekunjwa mara nne, pembe moja ikageuziwa ndani. Mwalimu alisimama. Rehema alikuwa akikunja risiti zake zote hivyo."

Hapo msomaji amepata mapenzi, ushahidi na sababu ya kukimbilia behewa la pili.

Wanapokutana, wasianze kusimuliana miaka iliyopita, kwa kuwa mtu anayewindwa hana nafasi ya hadithi. Rehema aulize, "Nani anajua umekuja?" na mwalimu ashindwe kujibu, kwa sababu asubuhi ile alimuaga mkewe, na mkewe naye hupiga simu Kilifi kila siku. Maelezo ya ile miaka yaje baadaye, vipande vipande, katikati ya kukimbia, na kipande kimoja Rehema asikitoe kabisa.