Kulitoa gari la kale baada ya baridi: breki kwanza, injini baadaye

Jua la kwanza la majira ya kuchipua likichomoza, wenye magari ya kale tuna ugonjwa mmoja. Tunafunua turubai, tunakaa kwenye usukani na kupiga stata kabla hata ya kuchungulia chini ya gari. Mimi nimeugua sana ugonjwa huo. Mwaka mmoja injini iliitika mara ya pili tu, nikajiona fundi, nikatoka. Kwenye kona ya pili pedali ya breki ikazama mpaka sakafuni. Kilichoniokoa ni handbreki, gia ndogo na barabara kuwa tupu. Nilipovua gurudumu la nyuma nilikuta upande wa ndani wa tairi una mchirizi mweusi ulioshika vumbi: mafuta ya breki yalikuwa yakivuja kutoka kwenye silinda ya gurudumu, pengine baridi yote. Ningeinama tu na tochi ningeuona.

Ndiyo maana somo hili linakwenda kinyume: breki kabla ya injini. Gari lisiloweza kusimama halina haja ya kuwaka.

Neno moja kabla ya kuanza: kama barabara zenu humwagiwa chumvi wakati wa theluji, subirini mvua kubwa mbili tatu zizioshe. Bati la magari ya zamani halikupewa kinga ya kutu kama la magari ya leo, na chumvi hujificha kwenye maungio ambako maji ya bomba hayafiki.

Hatua ya 1: Zunguka gari, usiwashe kitu

Anza na sakafu. Doa jeusi au la kahawia chini ya injini ni oili. Maji ya kijani, ya bluu au ya rangi ya chungwa yametoka kwenye rejeta. Kitu chepesi, cha manjano hafifu, kinachoteleza vidoleni karibu na gurudumu ni mafuta ya breki, na ukikikuta safari imeahirishwa. Petroli utaijua kwa harufu.

Kisha fungua kopo la chujio la hewa. Panya hulipenda mno. Mimi nimewahi kutoa humo kiota kizima cha sufi, na niliitambua: ilikuwa ya kiti changu cha nyuma. Angalia nyaya pia, na umulike ndani ya ekzosi.

Hatua ya 2: Breki

Hapa usiwe na haraka. Tazama kwanza kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua kuliko ulivyoyaacha, yamekwenda mahali. Usijaze tu na kufunga. Mafuta ya kawaida ya breki hufyonza unyevu wa hewani hata gari likiwa limelala. DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanywa maji kiwango chake cha chini hushuka hadi 155. Mimi hubadilisha kila baada ya miaka 2. Kama gari lako linatumia DOT 5, ile ya silikoni, usiichanganye na nyingine yoyote.

Sasa kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie nusu dakika. Ikibaki imara, vizuri. Ikiwa inazama polepole huku hakuna tone lililoanguka popote, mipira ya ndani ya masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, imechoka. Ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa kwenye mfumo.

Mipira ya breki inayokwenda magurudumuni ikunje kidogo utafute nyufa. Ubaya ni kwamba mpira unaweza kuonekana mzima nje huku ndani umevimba: ukikanyaga breki inashika, ukiachia haiachii.

Na handbreki? Kama uliiacha imevutwa miezi yote, viatu vya breki huenda vimegandana na dramu. Gonga dramu kwa nyundo, taratibu, kuizunguka. Mwakani acha handbreki chini na ukinge magurudumu kwa magogo.

Hatua ya 3: Tairi

Jaza upepo. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni: 1417 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2017. Magari yetu hayatembei sana, kwa hiyo kashata (meno ya tairi) zinabaki nzuri huku mpira umekwisha kufa. Tairi iliyopita miaka 10 mimi siipandi.

Hatua ya 4: Betri

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 ikiwa imetulia. Ikiwa 12.4 ichaji kwanza. Chini ya 12 imekwisha chaji. Waya unaokwenda kwenye bodi ndio wa kwanza kufunguliwa na wa mwisho kufungwa. Angalieni lakini: magari mengi ya zamani ya Uingereza yalifungwa chanya kwenye bodi, si hasi. Ukiunganisha kwa mazoea unaweza kuunguza vitu.

Hatua ya 5: Petroli

Inusie kwenye mdomo wa tangi. Ikinuka kama rangi ya kupaka mlango, itoe. Sehemu nyepesi zinazosaidia kuwasha zimeshapaa, na kinachobaki huganda kama gundi kwenye vitundu vya kabureta. Petroli yenye ethanoli ina mabaya mawili zaidi: huvuta maji, na hula mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Mpira wa petroli ukiwa mgumu au wenye nyufa, ubadilishe leo. Upo juu ya injini itakayokuwa ya moto.

Hatua ya 6: Kuwasha

Pima oili. Chomoa plagi zote za cheche, na uchomoe waya unaoipelekea koili umeme ili cheche isiruke. Piga stata sekunde 10, ipumzishe, rudia mpaka taa ya oili izime au mshale upande. Bila plagi injini huzunguka kwa urahisi, na oili inafika juu kabla ya mlipuko wa kwanza. Rudisha kila kitu, fungua mlango wa banda wazi kabisa, weka kizimamoto karibu, washa. Moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksidi, inayoua bila kunusika.

Injini ikishakaa sawa, rudi chini na tochi. Kuna uvujaji unaoonekana pampu ikifanya kazi tu.

Hatua ya 7: Kutoka

Mita 50 za mwanzo ni za breki tu: mwendo wa mtu anayetembea, kanyaga, simama, rudia. Zunguka karibu na nyumbani, shuka, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, breki yake haiachii. Ukiridhika, nenda nusu saa au zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi baridi yote nawasha dakika tano kila Jumapili halafu nazima. Si inatosha?*

Ndugu yangu, hapo unaliumiza. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Dakika tano hazitoshi kuipasha moto ekzosi wala oili, kwa hiyo maji yanabaki humo yakila chuma. Ama uliendeshe mpaka lipate joto kamili, ama uliache lilale.

*Habari fundi. Langu limewaka vizuri ila gia hazikubali kuingia, zinalia tu. Injini ikizimwa zinaingia zote.*

Salama. Klachi imegandana na gurudumu la injini. Tafuta uwanja wazi mbele yako. Pasha injini moto, izime, weka gia ya juu kabisa, kanyaga klachi na breki kwa nguvu zote, kisha gusa stata kidogo. Mara nyingi inaachia kwa mshtuko. Ikikataa mara ya tatu, usiendelee, giaboksi itashushwa.

*Shikamoo. Marehemu baba ametuachia gari ambalo halijaguswa miaka minane. Nifuate hatua hizi hizi?*

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Hapana, dada, la kwako lina kazi zaidi. Petroli yote itoke na tangi lioshwe. Breki zifunguliwe gurudumu kwa gurudumu, mipira yote iwe mipya. Na stata usiiguse kabisa: chomoa plagi, dondoshea oili kidogo kila silinda, acha siku mbili, kisha zungusha injini kwa mkono, na spana kwenye nati kubwa ya mbele, gari likiwa nyutro. Ikigoma usiilazimishe, ongeza oili na usubiri tena. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, rudi hapa tuendelee.