Bunju katika Tangi la Kioo: Kutayarisha Maji ya Chumvichumvi na Kuchagua Samaki wa Kuishi Naye

Bunju wadogo wanaofugwa katika matangi ya kioo mara nyingi hununuliwa wakiwa wanaogelea katika maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, na mnunuzi huyachukulia kuwa ndiyo maji yao. Samaki huyo huweza kuishi hivyo kwa miezi kadhaa, kisha akaanza kunyong'onyea, tumbo likageuka kijivu, na hatimaye akafa pasipo mwenyewe kujua kosa lilikuwa wapi: bunju wengi wa aina hiyo huhitaji maji ya chumvichumvi, yaani yenye chumvi kiasi, chini ya ile ya bahari. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mfugaji ni kumtambua bunju wake kabla ya kununua hata kioo.

Aina mbili hupatikana zaidi, na zote zina asili ya Asia, kwenye milango ya mito na mikoko. Dichotomyctere nigroviridis ana mgongo wa kijani wenye madoa meusi ya mviringo na hufikia sentimita 15 hivi. Dichotomyctere ocellatus, mwenye michoro ya manjano inayojipinda mgongoni mfano wa tarakimu 8, haendi mbali zaidi ya sentimita 8. Wasichanganywe na Tetraodon mbu wa Ziwa Tanganyika na Mto Kongo, ambaye ni samaki wa maji baridi kabisa, huvuka sentimita 60, na hafai kutiwa chumvi wala kufungiwa katika tangi la sebuleni.

Kwa ocellatus mmoja, lita 75 zinatosha, lakini nigroviridis aliyekomaa asipewe chini ya lita 110, na kila ziada ni faida kwake, kwa sababu bunju hula nyama, hutupa mabaki mengi na huchafua maji upesi. Chujio liwe na uwezo unaozidi ukubwa wa tangi, na joto la maji likae kati ya nyuzi 24 na 28 za Selsiasi.

Chumvi inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki wa baharini, kwa kuwa hubeba madini yanayoyafanya maji yawe na ualkali. Chumvi ya mezani haina madini hayo. Kipimo kifanywe kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi (1.000), na wala si kwa kuonja au kukisia kwa vijiko. Maji ya bahari husoma takriban 1.026, nayo yana gramu 35 za chumvi kwa lita. Ocellatus hustawi kwenye 1.005, ambayo ni takriban gramu 7 kwa lita, ilhali nigroviridis huongezewa kadiri anavyokua hadi 1.010 au zaidi. Mkazi wa pwani anaweza kutumia maji ya bahari yaliyotekwa wakati wa maji kujaa, mbali na bandari na mifereji ya majitaka: sehemu 1 ya bahari kwa sehemu 4 za maji baridi hutoa karibu 1.005, na sehemu 3 kwa 5 hutoa karibu 1.010. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Ndani ya tangi, sakafuni, uwekwe mchanga wenye vipande vya makombe, ambao husaidia pH, yaani kipimo cha asidi na ualkali, isishuke chini ya 7.8, hakuna sababu ya kuvunja matumbawe kwa kazi hii.

Tangi lisitiwe samaki siku linapojazwa. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji wiki 4 hadi 6 kukaa sawasawa kwenye chujio, nao hulishwa kwa kipande cha kamba mbichi kinachoachwa kioze humo. Samaki aingizwe pale vipimo vya amonia na nitriti vinaposoma sifuri. Iwapo atatoka kwenye maji baridi, chumvi ipandishwe kwa 0.002 tu kila wiki, na maji yanayopungua kwa mvuke yafidiwe kwa maji baridi, maana chumvi haipandi na mvuke.

Kuhusu wenzake, ushauri wangu wa dhati ni kumfuga bunju peke yake, kwa kuwa hung'ata mapezi ya wengine hata akiwa ameshiba. Anayetaka kujaribu anaweza kumweka ocellatus pamoja na Brachygobius, samaki mdogo mwenye mistari ya manjano na nyeusi kama nyigu. Nigroviridis huvumiliana zaidi na samaki wepesi kama Monodactylus argenteus, anayepatikana pia katika mikoko yetu, ila huyo hupenda kundi, na kundi linadai mamia ya lita.

Meno ya bunju hayaachi kukua. Asipopewa konokono wadogo, kaa na kamba wenye magamba, mdomo hufungwa na meno yake mwenyewe akafa njaa mbele ya chakula. Vilevile hana magamba ya kumkinga, hivyo dawa zenye shaba ni hatari kwake. Anapohamishwa asiinuliwe kwa wavu, kwani akitolewa majini huvimba kwa kumeza hewa ambayo huenda akashindwa kuitoa. Aongozwe taratibu hadi aingie ndani ya chombo kilichozamishwa, kisha atolewe pamoja na maji yake.