Sproketi za kwadi: badilisha jino moja la mbele kwanza

Kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, ikikata pumzi katikati ya mlima wa mchanga hapa Bidiyah, Oman, wengi huwaza kufungua injini. Nawaomba sana, wenzangu, hesabuni kwanza meno ya sproketi, yale magurudumu yenye meno yanayobeba cheni. Nitatumia Yamaha Raptor 700, maana ndiyo ninayoishika kila wiki, ila hesabu ni ileile kwa kwadi yoyote ya cheni.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho. Raptor hutoka kiwandani na meno 14 mbele na 38 nyuma, lakini aliyekuuzia huenda alishabadilisha. Tia alama ya chaki kwenye jino moja uhesabu mwenyewe. Kisha gawanya ya nyuma kwa ya mbele: 38 kwa 14 ni 2.71. Yaani sproketi ya mbele huzunguka mara 2.71 ndipo tairi za nyuma zizunguke mara moja. Namba ikipanda, gia zote huwa nyepesi: kwadi inavuta vizuri, mwendo wa mwisho unapungua. Ikishuka, gia huwa nzito.

Hatua ya 2: Isikilize ikipanda. Chagua mlima mmoja unaoujua, upande kwa mafuta yote. Gia ya tatu ikilia mpaka mwisho, halafu ukitia ya nne injini inazama, gia zako ni nzito kwa mchanga ule. Hili hutokea zaidi kwa tairi za makafi, zile zenye mbavu pana kama makasia, kwa sababu zinashika mchanga badala ya kuteleza, na mzigo wote unairudia injini. Kama ya nne inafika kileleni bado ina nguvu, acha ilivyo, usitumie pesa.

Hatua ya 3: Punguza jino moja mbele. 38 kwa 13 inakupa 2.92, gia nyepesi kwa karibu asilimia 8. Ukitaka hivyo kwa kubadilisha nyuma, utahitaji meno 41. Sproketi ya mbele ni ndogo na bei yake ni nafuu, ndiyo maana mimi hujaribia mbele. Ila sproketi ndogo huikunja cheni kwa ukali zaidi, na cheni huisha mapema. Nikisharidhika na mvuto, na mwenye kwadi ni mtu wa mchanga tu, humrudishia 14 mbele na kumfungia 41 nyuma.

Hatua ya 4: Ufungaji. Legeza nati ya mbele wakati cheni bado ipo, mwenzako akikanyaga breki ya nyuma. Kabla ya kutia spana, nyoosha ule mdomo wa washa (kipete cha chuma chini ya nati) uliokunjwa kuikumbatia nati. Ukiona umeanza kupasuka pale ulipokunjwa, nunua washa mpya, usiukunje tena.

Ukifunga 13, ekseli itarudi nyuma kama milimita 4 ili cheni ikaze. Ukifunga 41 na 14, itakuja mbele kama milimita 12, basi angalia kama nafasi ipo kabla hujaongeza pingili za cheni.

Na tafadhali, msifunge sproketi mpya na cheni kuukuu. Niliwahi kufanya hivyo kwa kubana matumizi, na baada ya muda mfupi meno yalikuwa yamechongoka kama kulabu. Ivute cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa: ikiachana na sproketi mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha.

Maswali

*Kutoka Naivasha: Habari fundi. Sisi huku tunapita kwenye mawe. Hiyo 41 itatufaa?*

Salama, ndugu yangu. Kwa mawe baki na 13 mbele na 38 nyuma. Sproketi ya nyuma ya kwadi inaning'inia kwenye ekseli, na ya 41 inashuka karibu milimita 8 zaidi kuliko ya 38. Jiwe litaigonga hiyo kwanza, likate na cheni.

*Kutoka Muscat: Shikamoo mzee. Nimefunga tairi za inchi 22 nyuma badala ya 20, imekuwa nzito mno. Injini imechoka?*

Marahaba mwanangu. Injini haina kosa. Tairi imekua kwa asilimia 10, kwa hiyo kurudi tu pale ulipokuwa unahitaji karibu 2.99. Funga 13 na 39, au 14 na 42. Zote mbili ni 3.0 kamili. Hapo bado hujaongeza mvuto wowote, umerudisha ule wa mwanzo.

*Kutoka Unguja: Fundi, yangu ni ya Kichina, injini ya cc 150, otomatiki. Ina mkanda ndani na cheni nyuma. Nibadilishe sproketi?*

Hesabu ya cheni ni ileile, lakini fungua kifuniko cha mkanda kwanza. Mkanda ukiwa umelika ubavuni, au roli (vile vigurudumu vidogo ndani ya puli ya mkanda) zikiwa zimepata bapa upande mmoja, kwadi itakuwa nzito hata uifunge sproketi gani. Badilisha hivyo, ipande tena mlima uleule, kisha uniandikie imepandaje.